Kwenye Barafu Hakuna Meli ya Peke Yake

Hotuba hii niliitoa Mombasa mbele ya mabaharia, mawakala wa forodha na wanafunzi wa masomo ya bahari. Wengi waliotaka kuja walikuwa zamu bandarini na wengine wako melini hadi sasa, kwa hiyo naiweka hapa nzima kwa ajili yao.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu mliokula chumvi nyingi baharini, walimu, mawakala, wanafunzi, mabibi na mabwana: asalaam aleikum, na habari za asubuhi.

Nimeulizwa hapo mlangoni: sisi na barafu, wapi na wapi? Sisi tunaijua kusi na tunaijua kaskazi. Barafu tunaiona kwenye sanduku la samaki. Kwa nini basi mkutano wa Mombasa ukae asubuhi nzima kuzungumza habari za meli za Ncha ya Kaskazini?

Ni swali la haki, nami nitalijibu kwanza.

Tarehe 23 Machi 2021 meli ya Ever Given, yenye urefu wa mita 400, ilikingama katika Mfereji wa Suez. Ilikaa hivyo siku 6, na mamia ya meli yakapanga foleni pande zote mbili. Kisha Novemba 2023 meli zikaanza kushambuliwa Bahari ya Shamu, na kampuni kubwa zikaamua kulizunguka bara letu lote kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Mawakala mlioko humu, ni nani kati yenu ambaye hakupandishiwa nauli ya kontena? Ni nani ambaye hakukaa na mteja akimweleza kwa nini mzigo wake haujafika?

Kila njia ya Suez inapoziba, kuna watu wanaoikunjua ramani ya kaskazini. Kutoka Yokohama hadi Rotterdam kwa Suez ni takriban maili 11,000 za baharini. Ukipita juu ya Urusi, kwenye Njia ya Bahari ya Kaskazini, ni maili 7,000 na kidogo. Septemba 2025 meli ya makontena iitwayo Istanbul Bridge ilitoka Ningbo, China, ikapita huko na kufika Felixstowe, Uingereza, mwezi Oktoba, kwa muda wa takriban siku 20. Habari hiyo ilisomwa katika kila ofisi ya meli duniani. Njia kuu za meli zikihama, hata kwa sehemu ndogo, bandari zinazopokea matawi ya njia hizo huguswa. Mombasa inaguswa. Dar es Salaam inaguswa. Hata mfanyabiashara wa Kampala ambaye hajawahi kuiona bahari anaguswa.

Sasa jambo lenyewe nililokuja kulisema ni hili. Njia ya barafu haipitiki kwa nguvu ya taifa moja. Imepitika salama pale tu mataifa yalipokubali kugawana kazi, hata wakati yalipokuwa hayasalimiani. Na kazi hiyo ya kugawana hivi sasa inalegea, mbele ya macho yetu, huku meli zikiongezeka.

Nianze kwa kuondoa dhana moja, kwamba barafu ikishayeyuka kinachobaki ni barabara. Si barabara, ndugu zangu.

Njia hii ina urefu wa takriban kilomita 5,600, kutoka Novaya Zemlya hadi Mlango-Bahari wa Bering. Meli ya kawaida hupata nafasi kuanzia Julai hadi Oktoba, pengine na siku chache za Novemba. Katika Mlango-Bahari wa Sannikov kina cha maji ni kama mita 13 tu, na meli kubwa ya makontena ikipakia sawasawa huzama mita 15 au 16. Haipiti.

Na hata ingepita, ingemteremshia nani? Meli ya makontena haiishi kwa mwanzo na mwisho wa safari peke yake. Huishi kwa bandari za njiani. Hushusha Singapore, hupakia Colombo, hushusha Jeddah. Pwani ya Siberia haina Singapore. Mwaka 2018 meli ya Venta Maersk, yenye nafasi ya makontena 3,600, ilitoka Vladivostok, ikabeba samaki waliogandishwa na vifaa vya elektroniki hadi St Petersburg. Ilifika salama. Baadaye wenyewe, kampuni ya Maersk, walisema lilikuwa jaribio, na kwamba hawaioni njia hiyo kuwa mbadala wa njia zao za kila siku. Mwaka uliofuata kampuni nyingine kubwa zilitangaza kwamba hazitaitumia, kwa sababu ya mazingira.

Shehena inayopita huko ni ya Urusi yenyewe kwa sehemu kubwa: gesi ya Yamal, mafuta, madini. Mwaka 2024 zilipita karibu tani milioni 38, na mizigo ya kupita moja kwa moja kutoka bahari moja hadi nyingine ilikuwa kama tani milioni 3. Suez, kabla ya matatizo, ilikuwa ikipitisha zaidi ya tani bilioni moja kwa mwaka. Kwa hiyo msiogope kwamba Suez inakufa kesho. Wala msidanganywe kwamba kaskazini hakuna linalotokea. Vyote viwili ni makosa.

Nataka niwaonyeshe kazi yenyewe kwa karibu, hasa ninyi wanafunzi, kwa sababu ramani haiionyeshi. Chukueni meli iliyopigwa na tufani, hewa ikiwa nyuzi 15 chini ya sifuri. Kila tone la wimbi linaloruka na kugusa chuma hugeuka barafu papo hapo. Linaganda kwenye reli. Linaganda kwenye mlingoti, kwenye winchi, kwenye kamba, kwenye boti za kuokolea zenyewe. Saa chache zikipita, meli imeongezewa tani nyingi za mzigo ambao hakuna aliyeupakia, na mzigo huo wote uko juu. Wazee wa majahazi mnajua kwa nini farumi, ule mzigo wa kutuliza chombo, huwekwa chini. Hapo mabaharia hutoka na nyundo za mbao, wanagonga, wanatupa vipande baharini, vidole havina tena hisia, na barafu nyingine inaganda nyuma yao.

Dira ya sumaku huko juu hutangatanga kwa sababu ncha ya sumaku iko karibu. Setilaiti za mawasiliano zilizo juu ya ikweta, ambazo sisi hapa tunazipata moja kwa moja, kwao ziko chini kabisa kwenye upeo wa macho au hazionekani. Na chati za bahari? Sehemu kubwa ya sakafu ya bahari ya Aktiki, yaani eneo la Ncha ya Kaskazini, haijapimwa kwa vipimo vya kisasa. Septemba 2023 meli ya watalii ya Ocean Explorer, yenye watu 206, ilipanda mchanga katika hori la mashariki ya Greenland. Meli ya jeshi la maji la Denmark ilikuwa mbali kwa siku kadhaa za safari. Iliyokuja kuivuta ikatoka ilikuwa meli ya utafiti wa samaki.

Novemba 2021 barafu ilifunga mapema kuliko ilivyotarajiwa upande wa mashariki wa Siberia. Zaidi ya meli 20 zilinaswa. Zilikuwa na manahodha wazoefu na zilikuwa na mitambo. Ilibidi meli za nyuklia za kuvunja barafu zitumwe kuzitoa moja baada ya nyingine. Urusi ndiyo nchi pekee yenye meli za namna hiyo, nami nasema wazi kwamba ujuzi wake katika kazi hiyo hauna mfano. Lakini mwenye ujuzi usio na mfano naye alishikwa na Novemba moja.

Basi nani anamsaidia nani? Hapo ndipo ushirikiano unapoanza.

Usiku wa tarehe 19 kuamkia 20 Juni 1989, meli ya abiria ya Kisovieti iitwayo Maxim Gorkiy iligonga barafu magharibi ya visiwa vya Svalbard. Ndani yake mlikuwa na watu karibu 950. Abiria wengi walikuwa wazee kutoka Ujerumani Magharibi. Kumbukeni mwaka wenyewe: ukuta wa Berlin ulikuwa bado umesimama. Maji yakaanza kuingia. Abiria wakashushwa kwenye boti, na wengine wakajikuta wamesimama juu ya mapande ya barafu yanayoelea, katikati ya bahari.

Aliyesikia wito alikuwa KV Senja, meli ya walinzi wa pwani ya Norwei, nchi mwanachama wa NATO. Baada ya saa chache ilikuwa imefika. Meli hiyo ndogo ikaanza kupandisha watu, mamia kwa mamia. Kisha mabaharia wa Norwei wakashirikiana na mabaharia wa Kisovieti kuyasukuma maji nje kwa pampu mpaka meli ikaacha kuzama. Watu wote waliokolewa. Wote. Hapakuwa na muda wa kuuliza bendera.

Nina kisa kingine, na hiki ni cha Afrika, ndiyo maana nakipenda zaidi. Katikati ya mwaka 2002 meli ya Kijerumani, Magdalena Oldendorff, ilikuwa ikiwarudisha wanasayansi wa Urusi kutoka Antaktika. Juni kule ni majira ya baridi kali, jua halichomozi. Barafu ikaikamata. Ndani mlikuwa na watu zaidi ya 100 na chakula kilikuwa kinahesabiwa. Nani atakwenda? Kutoka Cape Town ikang'oa nanga S.A. Agulhas, meli ya Afrika Kusini, ikiwa na helikopta mbili za Oryx za jeshi la anga la nchi hiyo. Haikuwa meli ya kuvunja barafu nzito. Ilikwenda hadi barafu ilipoikatalia, na kutoka hapo helikopta zikaruka gizani na kuwatoa watu karibu 90. Argentina nayo ikatuma meli yake ya kuvunja barafu, Almirante Irízar, kuisaidia ile iliyokwama. Mjerumani amekwama na Warusi ndani, Mwafrika anakwenda kuwatoa, Mwargentina anakuja nyuma yake. Kuna watu wanaosema habari za ncha za dunia hazimhusu Mwafrika. Na warudi wakakisome kisa cha Agulhas.

Visa hivi vilitegemea ushujaa na bahati ya nani yuko karibu. Mataifa yakaona ushujaa pekee hautoshi. Tarehe 12 Mei 2011, mjini Nuuk, Greenland, nchi 8 za Aktiki zilitia saini mkataba wa kutafuta na kuokoa: Kanada, Denmark, Finland, Iceland, Norwei, Urusi, Uswidi na Marekani. Waliigawa bahari yote ya kaskazini, kila nchi ikapewa eneo la kujibu wito wa hatari. Ndani ya mkataba huo mna kifungu nisichochoka kukisoma. Kinasema kwamba mipaka ya maeneo ya uokoaji haihusiani na mipaka ya nchi, wala haitaathiri madai ya mipaka ya nchi yoyote.

Mnaona walichokifanya? Walikuwa na migogoro ya mipaka. Walijua hawataimaliza siku ile. Wakaiweka pembeni, wakasema: mgogoro ubaki mgogoro, lakini mtu akiwa majini tujue ni nani wa kumfuata.

Sisi tunalijua jambo hilo. Kituo cha kuratibu uokoaji baharini kipo hapahapa Mombasa tangu 2006, na maji kinayoyaangalia si ya Kenya peke yake. Na mwaka uleule wa mkataba wa Nuuk, Septemba 10, MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi. Sina haja ya kuwaeleza watu wa pwani maana ya saa moja ya kuchelewa.

Naingia kwenye sheria, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndipo penye urithi wetu.

Mwaka 1969 meli ya mafuta ya Marekani, Manhattan, ilipita Njia ya Kaskazini-Magharibi, kati ya visiwa vya Kanada, kujaribu kama mafuta ya Alaska yanaweza kusafirishwa huko. Meli ya Kanada ya kuvunja barafu, John A. Macdonald, iliisindikiza na kuisaidia ilipokwama. Lakini Kanada ilishtuka. Mafuta yakimwagika pale, nani atayazoa chini ya barafu? Mwaka uliofuata ikatunga sheria ya kuzuia uchafuzi wa maji yake ya Aktiki. Marekani ikapinga: huwezi kuitungia bahari sheria hivyo mbali na pwani yako.

Wakati huohuo, mbali kabisa na barafu, mwanasheria wa serikali ya Kenya, Frank Njenga, alikuwa akijenga hoja nyingine. Mataifa machanga yalikuwa yakitazama meli za uvuvi za nchi tajiri zikikomba samaki mbele ya pwani zao. Njenga aliipeleka hoja ya ukanda wa kiuchumi wa baharini kwenye mkutano wa wanasheria wa Asia na Afrika, na mwaka 1972 Kenya ikaiwasilisha rasmi Umoja wa Mataifa: nchi yenye pwani iwe na haki juu ya mali ya bahari hadi maili 200, na meli za wengine ziendelee kupita. Hoja hiyo ikawa sheria ya dunia nzima katika Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982.

Sasa fungueni mkataba huo, kifungu cha 234, kinachohusu maeneo yaliyofunikwa na barafu. Kinaipa nchi yenye pwani mamlaka ya kutunga sheria za kuzuia uchafuzi wa meli, bila ubaguzi wa bendera. Mamlaka hayo yanafika wapi? Yanafika mwisho wa ukanda wa kiuchumi. Kanada inakitegemea kifungu hicho. Urusi inakitegemea kifungu hicho kusimamia Njia ya Bahari ya Kaskazini. Kipimo kinachotumiwa leo kutawala meli kwenye barafu kilitokana na hoja ya Mwafrika aliyekuwa akiwatetea wavuvi. Naye Jaji Joseph Warioba wa Tanzania alikuwa miongoni mwa majaji wa kwanza wa Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, ilipoanza mwaka 1996. Kwa hiyo mtu akikuuliza wewe na barafu wapi na wapi, unalo jibu.

Kanada na Marekani je, walipatana? Hadi leo hawajapatana juu ya hadhi ya maji yale. Mwaka 1985 meli nyingine ya Marekani, Polar Sea, ilipita bila kuomba ruhusa na hasira zikapanda upya. Lakini Januari 1988 waliandikiana: meli za Marekani za kuvunja barafu zitapita kwa ridhaa ya Kanada, na kila upande unabaki na msimamo wake wa kisheria. Ni mtindo uleule wa Nuuk, miaka 23 kabla yake.

Na msidhani mtindo huu ni wa marafiki tu. Mlango-Bahari wa Bering una upana wa kilomita 85 hivi. Katikati kuna visiwa viwili, kimoja cha Urusi, kimoja cha Marekani, na kati yao ni kilomita kama 4 tu. Meli zote zinazoingia au kutoka Aktiki upande wa Pasifiki hupita hapo, na hapohapo jamii za Wayupik na Wainupiat huwinda nyangumi kwa boti ndogo. Mwaka 2018, miaka minne baada ya Urusi kuitwaa Crimea kutoka Ukraine, vikwazo vikiwa vimewekwa, Urusi na Marekani zilikwenda pamoja London, kwenye Shirika la Kimataifa la Bahari, na pendekezo moja la njia za meli: huku mpande, huku mshuke, hapa mwende kwa tahadhari. Likapitishwa mwezi Mei, likaanza kutumika Desemba mwaka huohuo. Mataifa mawili yaliyokuwa yakiwekeana vikwazo yalichora mistari kwenye chati moja.

Kanuni za Ncha za Dunia, zilizoanza kufanya kazi tarehe 1 Januari 2017, zilitoka London vilevile. Meli inayokwenda kwenye barafu lazima iwe na cheti chake maalumu, kitabu chake cha uendeshaji, na maofisa waliosomea. Hilo linaihusu meli ya bendera yoyote: Panama, Liberia, Kenya au Tanzania. Na vifaa vya kuokolea lazima viwatunze watu kwa siku zisizopungua 5 mpaka wafikiwe.

Siku 5! Mwaka 2016 Wanorwei walitaka kujua kama hilo linawezekana. Walichukua watu wa kujitolea, wakawaingiza kwenye boti ya kuokolea na kwenye chelezo la mpira, katika maji ya Svalbard, wakiwa na vifaa vilivyokuwa vimeidhinishwa. Kulikuwa shwari, hakuna mawimbi, daktari yuko karibu. Watu wenye afya. Wengi hawakumaliza hata saa 24, baridi ikiwapanda kutoka sakafuni. Mabaharia wenzangu, karatasi inasema siku 5 na mwili unasema saa 24. Katika pengo hilo ndipo watu hufa. Na ni majaribio ya wazi kama yale, yakitangazwa kwa wote bila kufichwa, yanayolifanya pengo lipungue. Mwaka huu wa 2026 baadhi ya vifungu vya kanuni hizo vimeanza kuzibana pia meli za uvuvi zenye urefu wa mita 24 na zaidi, ambazo mwanzoni ziliachwa nje. Imechukua miaka 9.

Sasa niseme linalonisumbua.

Baraza la Aktiki, lililoundwa Ottawa mwaka 1996, ndiyo meza ambako nchi zile 8 zilikaa pamoja na jamii za wenyeji wa kaskazini. Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, nchi 7 zilisimamisha ushiriki wao. Siwalaumu. Uvamizi ni uvamizi, na sitasimama hapa kuupunguzia uzito. Tangu hapo kazi za vikundi vya wataalamu zimerudi pole pole, nyingi kwa maandishi na kwa mtandao. Urusi imegeukia China. Kanada, Finland na Marekani zimefanya mapatano yao ya kujenga meli za kuvunja barafu mwaka 2024. Kila upande una nahodha wake, na wahenga wetu walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Mwaka 2023 meli za mafuta zisizo na daraja lolote la barafu, yaani ambazo hazikujengwa kuihimili, ziliruhusiwa kupita Njia ya Bahari ya Kaskazini. Ikichanika moja, mafuta hayataulizwa yako upande wa nani. Mwaka 1989 Exxon Valdez ilipanda mwamba Alaska ikamwaga takriban lita milioni 41, mahali ambapo hapakuwa na barafu ya kufunika bahari, na bado mafuta yale yamekutwa chini ya mawe ya ufukwe miongo kadhaa baadaye.

Kuna uzi ambao haujakatika. Kituo cha uokoaji cha Bodø, Norwei, na kile cha Murmansk, Urusi, vimeendelea kuwasiliana. Simu inapigwa, simu inapokewa. Huo ndio uzi ninaotaka mataifa yaushike.

Na sisi? Kamati za London zina viti vyetu. Kenya ni mwanachama tangu 1973, Tanzania tangu 1974, hata Uganda isiyo na bahari imo. Tangu Julai 2024 ni marufuku meli kutumia au kubeba mafuta mazito ya kuendeshea mitambo katika maji ya Aktiki. Masizi ya mafuta hayo hutua juu ya barafu, huifanya nyeusi, na barafu nyeusi hulinywa jua na kuyeyuka upesi. Lakini marufuku hiyo ina misamaha: meli zenye matangi ya mafuta yaliyokingwa, na meli zinazopeperusha bendera ya nchi ya Aktiki ndani ya maji ya nchi hiyo, zinaweza kusamehewa hadi tarehe 1 Julai 2029. Ikikaribia tarehe hiyo, kutakuwa na watakaoomba muda uongezwe. Wajumbe wetu watasema nini? Watanyamaza kwa sababu eti si bahari yetu? Wainuit walipigania kuingia kwenye shirika hilo mpaka mwaka 2021 baraza lao likapewa hadhi ya ushauri, jamii ya kwanza ya wenyeji kuipata. Wao hawana kura. Sisi tunayo.

Nataka pia vyuo vyetu vifundishe masomo ya meli za barafu. Kampuni za meli haziajiri mtu kwa sababu ametoka nchi ya baridi. Zinaajiri mwenye cheti. Ofisa kutoka Ufilipino au India yuko leo kwenye daraja la meli inayopita Aktiki akisoma ramani ya barafu, na ramani hiyo imechorwa kwa alama zilizokubaliwa na mataifa yote: umbo la yai, ndani yake tarakimu. Ya juu inakwambia ni sehemu ngapi kati ya kumi za bahari zimefunikwa. Zinazofuata zinakwambia kiasi cha kila aina ya barafu na unene wake, na za chini ukubwa wa mapande. Ni hesabu ambayo mwanafunzi yeyote wa humu ndani ataimudu kwa wiki moja akifundishwa. Nani amewafundisha? Nyoosheni mikono mliowahi kuiona ramani hiyo.

Mwenyekiti, umeona mwenyewe. Hakuna mkono.

Nimeandika rasimu ya barua mbili. Moja ni kwa mamlaka zetu za bahari, tukiomba wajumbe wetu London wapinge kuongezwa kwa misamaha ya mafuta mazito baada ya 2029. Nyingine ni kwa wakuu wa vyuo, juu ya mafunzo ya meli za barafu. Ziko mezani karibu na mlango, na kalamu zipo. Anayekubaliana nazo atie saini kabla hajaondoka. Anayeona nimepotoka aseme sasa hivi, tukiwa wote tunasikia, kwa sababu muda wa maswali umefika. Tuanze na wanafunzi.